Mvi za Marehemu

Lewisville, 10 Machi 2019

Dada yangu Fébronie,

Nakusalimu wewe, shemeji Vital na mpwa wangu Belyse. Mimi ni mzima, ila mgongo. Ukiitazama kazi ya kufagia sinema utasema nyepesi, lakini kumbi ni kumi na mbili, na watu wa hapa humwaga bisi kana kwamba wanalisha kuku. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako siku hizi anaipokea shemeji, na kila nikipiga naambiwa uko kazini kwa wazee wako unaowatunza. Barua ina jina lako juu yake. Unisamehe mwandiko, unajua darasa la sita la kambini nililiacha katikati.

Nimeongea na mama huko kambini Nyarugusu. Miguu imevimba tena. Anasema hataki kuingia mwaka mwingine na msiba ndani ya nyumba. Anataka Cassien afanyiwe kuganduka: pombe inywewe, yeye mama avue kitambaa cheusi, msiba uishe na marehemu aende zake. Ametaja mwezi wa saba. Lakini bila neno langu hawezi, kwa kuwa mimi ndiye pacha wa marehemu na ndiye mwanamume aliyebaki. Nilitaka kumjibu ndiyo palepale. Nimeshindwa, na sababu ni jambo lililonipata kazini.

Kwa wiki mbili sasa ukumbi namba saba unaonyesha filamu ya Kipanjabi. Watazamaji wake si wengi. Mimi husimama mlangoni na ufagio nikingoja watoke. Siku ya kwanza mtu mmoja alitoka, akaniona, akasimama. Nikadhani nimemzibia njia, nikasogea. Akaendelea kunitazama mpaka akafika kwenye ngazi. Siku ya pili walisimama watano. Bibi mmoja mwenye mtandio mweupe akaja akanigusa shavu kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu chai kama imepoa, akasema neno kwa lugha yao, akaondoka akifuta machozi. Dada, mimi mtu wa ufagio. Miaka mitatu niko hapa hakuna aliyewahi kunitazama hata mara moja.

Nikamwuliza Gurmeet, yule mzee anayekata tiketi. Ni Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha hukohuko.

"Wewe bwana," akaniambia, "unaficha kitu kubwa hivi? Hata mimi mzee mwenzako hunipi habari?"

"Habari gani?"

"Ati habari gani! Uko ndani ya filamu! Mimi nilikuona na macho yangu, nikasema huyu Nestor sasa ni staa, kesho hatafagia tena."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono akaniingiza onyesho la mchana, akaketi pembeni yangu akinitafsiria sikioni. Filamu imetengenezwa na watu wa nchi tatu, India, Kanada na hapa, na sehemu za malori walizipiga huko kwenu, upande wa Houston. Ni hadithi ya wanaume wawili, madereva, wanaopendana wao kwa wao. Mmoja anaitwa nyumbani kuozwa, mwingine anabaki akingoja. Kipanjabi sikijui, lakini maneno yalikuwa yakinijia mojamoja kama watu wa kijijini kwetu ninaowatambua: dunia, roho, mauti. Wao pia husema hivyohivyo.

Halafu wale wawili wakashikana mikono nyuma ya lori, na nyuma yao alikuwapo mtu ameshika mpira wa maji, analiosha lori lingine. Akageuka. Dada, ilikuwa sura yangu. Ni yule niliyekuwa naye tumboni.

Anaonekana mara tatu. Sisemi zaidi. Nakuomba jambo moja tu: niambie kaburi la Cassien liko wapi, namba yake na jina la makaburi. Nikiliona nitampa mama neno lake.

Nduguyo, Nestor Butoyi


Stafford, 2 Aprili 2019

Mdogo wangu Nestor,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako nimeipata, nikaisomea kwenye gari kabla ya kuingia nyumbani. Belyse ametimiza miaka tisa. Ukimwamkia kwa Kirundi anakujibu kwa Kiingereza. Vital amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani, kwa hiyo nyumba haikosi wageni. Kazini wamefariki wazee wawili ndani ya wiki moja. Ninawaosha, ninawavalisha. Nimezoea.

Sasa sikiliza. Mwaka 2015 tuliwapigia simu wewe na mama mkiwa bado kambini, tukawaambia ajali ilivyokuwa na mazishi yalivyokwenda. Ulipokuja Marekani nikakueleza mara ya pili uso kwa uso. Mara ya tatu unataka nini? Na nilikuambia desturi: pacha aliyebaki halitazami kaburi la pacha wake mpaka kuganduka kupite. Akilitazama, anamfuata. Ndiyo maana nimekuwa nikikukataza kuja huku. Ndiyo maana mimi ndiye ninayepanda basi kuja kwako. Sikukatazi kwa ubaya.

Kwa macho ya Wahindi watu weusi wote sura moja. Huyo mwenye mvi uliyemwona kwenye filamu ni mtoto wa watu wengine, ana mama yake. Usiitazame tena. Filamu ya wanaume wawili kupendana si ya mtu mwenye msiba kuikalia.

Mpe mama neno. Anaumwa, Nestor. Mwache avue kile kitambaa.

Dada yako, Fébronie


Lewisville, 28 Aprili 2019

Dada Fébronie,

Salamu. Mgongo ni uleule. Hongera kwa shemeji na uenyekiti. Belyse mwambie mjomba anamkumbuka.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nakuuliza tu: nani alikuambia mtu huyo ana mvi?

Mimi sikuandika. Anazo, ni kweli, juu ya sikio la kushoto, kama mtu aliyeegemea ukuta wenye chokaa. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo, mimi sina. Zilinitia baridi kuliko sura yenyewe, kwa sababu maiti haoti mvi. Nikanyamaza, sikuandika, kwa kuwa niliogopa utasema nimechanganyikiwa. Wewe umeziona wapi?

Filamu imeondoka sasa. Siku ya mwisho nilibaki mpaka majina yanayopita mwishoni, watu wote wameshatoka, mimi na ufagio wangu. Yalipita haraka, ya Kihindi na ya Kizungu, halafu likapita "C. Bukuru". Wazungu hawajui Bukuru ni nini. Wewe unajua. Ni jina la pacha wa kwanza, na mimi Butoyi ni wa pili.

Na sauti yake ni ileile, inayovuja hewa kwenye pengo la jino. Mwishoni mwa hadithi ndugu za yule dereva wanamfuata pale anapoosha malori, wanamwuliza kama alimwona ndugu yao akiwa na mwanamume mwenzake. Yeye anafunga maji, anawatazama, anajibu kwa Kipanjabi. Gurmeet akanitafsiria: "Sikuona kitu."

Halafu nilimpigia mama. Nikamwuliza hiyo desturi ya pacha kutotazama kaburi. Akasema, "Nani amekufundisha uongo huo? Kwetu pacha ndiye anayetupa udongo wa kwanza." Sikumwambia ni wewe.

Nitakuja Stafford Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Kama kuna la kuniambia kabla, andika.

Nestor


Lewisville, 9 Juni 2019

Dada,

Hukuandika. Nilikuja jana, na ulikuwapo, gari lako lilikuwa mlangoni. Naandika kilichotokea kwa sababu tangu jana siwezi kula.

Niligonga saa nne asubuhi. Nilikuwa na kofia ya kazini, jua lilikuwa nyuma yangu. Alifungua Belyse. Aliponiona hakufurahi wala hakushtuka. Alitazama nyuma ndani ya nyumba, akausogeza mlango ubaki wazi kidogo tu, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza chake, "Mjomba, mama alisema usije tena hapa. Baba yupo."

Nikamwambia, "Belyse, mimi ni mjomba Nestor. Wa Lewisville."

Alinitazama mikono, halafu uso. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kama mtoto aliyevunja sahani. Mlango ukafungwa. Nilisikia hatua zako ndani, dada. Nilisikia ukisema, "Nani?" na mtoto akajibu, "Hakuna mtu."

Nilisimama pale kwenye nyasi, sijui kwa muda gani. Kama yeye anakuja mlangoni kwako akifukuzwa kwa sura hii, na mimi nimefukuzwa kwa sura hiyohiyo, basi marehemu ni yupi kati yetu?

Mama amepanga tarehe 13 Julai. Ameshaanza kuanika mtama wa pombe. Anangoja neno langu.

Nestor


Stafford, 20 Juni 2019

Mdogo wangu,

Vital yuko kwenye mkutano wa jumuiya. Ninaandikia jikoni na mlango nimeufunga. Salamu sina za kukupa leo.

Yuko hai.

Tulipofika hapa mwaka 2013 alikaa kwetu miaka miwili, akapata kazi ya kuosha malori. Mwaka 2015 akahama, akasema anaishi na rafiki wa kazini, dereva, Kalasinga anayeitwa Jaswinder. Tukafurahi kwamba amepata mwenzake. Siku moja nikaenda bila taarifa kumpelekea maharage. Nyumba ina kitanda kimoja. Nilisimama na sufuria yangu. Hakunidanganya. Akasema, "Dada, huyu ndiye."

Nilimwambia Vital, na hapo ndipo nilipokosea, kwa maana ningenyamaza. Vital alisema mama amekuwa akiuliza kwenye simu lini Cassien ataoa, na kwamba yeye hawezi kusema neno hilo mbele ya mama mkwe wake. Akasema ni heri mtoto aliyekufa kuliko mtoto wa namna hiyo, aliyekufa angalau unamlilia na watu wanakuja kukaa nawe. Nilidhani anaongea kwa hasira. Kesho yake akapiga simu kambini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilimsikia mama akipiga yowe, nawe ukimwuliza amefanya nini. Ningeweza kuichukua ile simu. Ilikuwa karibu kama kikombe hiki.

Watu wa hapa waliambiwa amehamia mbali. Ndiyo maana sikutaka uje, mtu asije akakuuliza habari za pacha wako. Desturi ya kaburi niliitunga mimi, kwenye basi, nikija kwako mara ya kwanza.

Cassien nilimwambia mwenyewe. Akasema, "Basi niacheni nife." Tangu hapo alikuja mlangoni mara chache. Siku hizi tunakutana dukani Jumamosi, kwenye unga. Yeye ananipisha, mimi nampisha. Mara nyingine najishika mkono kuhakikisha nani kati yetu yuko pale.

Nakuomba, Nestor. Mwache mama amalize msiba. Ugonjwa wake na habari hii haviwezi kukaa mahali pamoja. Cassien amekubali. Kama aliyekufa mwenyewe amekubali, wewe unakataa kwa niaba ya nani?

F.


Stafford, 14 Julai 2019

Dada Fébronie,

Utashangaa barua hii imeandikwa mji wako. Niko kama dakika kumi kutoka mlangoni kwako, na nimechagua kukuandikia kuliko kugonga tena.

Anwani yake ulininyima. Aliyenipa ni Gurmeet. "Kalasinga wa Texas wote wanajuana," alisema. "Ukikohoa hapa, kesho Houston wanakuuliza dawa umekunywa?" Alipiga simu mbili tu. Ijumaa nikapanda basi, nikafika kwenye ule uwanja wa malori niliouona kwenye filamu. Nilidhani wataalamu wa filamu waliujenga. Kumbe ni uwanja wa kweli, na mpira wa maji ni uleule, na mtu aliyeushika ni yeye.

Aligeuka kama alivyogeuka kule ukumbini. Nilijikuta nimesimama nikingoja Gurmeet anitafsirie.

"Butoyi," akasema. "Umechelewa."

"Niliambiwa umekufa."

"Ulikubali kuambiwa. Walisema umejua yote, na umechagua kulia kuliko kuniona."

Dada, hilo hukuliandika. Barua nzima ya kuungama, na hilo umeliacha nje. Miaka minne nimemlilia mtu, naye ananisubiri, na kila mmoja ameambiwa mwenzake ndiye aliyefunga mlango.

Hatukukumbatiana. Alinipa brashi, nikaosha gurudumu, yeye akaosha ubavu, mpaka lori likaisha. Ndipo tukaweza kuongea. Nilimwuliza ilikuwaje akaingia kwenye filamu. Akasema walikuja kupiga picha uwanjani, wakataka mtu wa kusimama nyuma. "Nikawaambia kazi hiyo naiweza." Nikamwuliza, hakuogopa kuonekana? "Na nani? Warundi hawaendi kwenye filamu za Kipanjabi."

Jaswinder ni mtu mnene, mpole, kilemba cha bluu. Aliweka sahani tatu, akaniambia kwa Kiswahili alichofundishwa na Cassien, "Karibu chakula, shemeji." Halafu akaingiwa na hofu, akamtazama Cassien kama amekosea neno. Hakukosea, lakini sikuweza kumjibu haraka. Mimi sina elimu ya mambo haya, na sitakudanganya kwamba moyo wangu ulikuwa wazi. Nilikula. Maharage yao yana pilipili nyingi.

Neno la kukubali sikuwahi kumpa mama. Lakini watu walikuwa wameshaalikwa, na pombe haingoji. Jana saa kumi na mbili asubuhi ya hapa, saa nane mchana kule, nikapiga simu. Nyuma yake nilisikia wageni, vikombe, watoto. Cassien aliketi pembeni yangu. Alikuwa amesema hataongea, anataka tu kusikia.

"Butoyi," mama akasema, "nimengoja. Sema neno lako, wanifungue kitambaa."

"Mama, sina neno."

"Kwa nini huna?"

Nikashindwa. Tukakaa kimya wote. Halafu akauliza, "Hapo ulipo uko na nani?"

"Kwa nini mama?"

"Mnapumua wawili."

Dada, Cassien alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alikuwa hatoi hata pumzi, mimi niliyekuwa namgusa bega najua. Mama akasema, "Nimewalaza nyinyi wawili kitanda kimoja miaka sita. Nani huyo?"

Ndipo akaondoa mkono, akasema, "Ni mimi, mama."

Kule nikasikia kikombe kikianguka, na mtu akiuliza kama anataka kuketi. Mama hakupiga yowe kama siku ile. Alimwuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayeandikisha wageni kambini. Jino liling'oka wapi? Nani alikuwa amekubeba mtoni? Yeye akajibu. Akamwuliza, mbona ulikufa? Cassien akasema, "Nina mtu, mama. Ni mwanamume. Walisema afadhali hivi."

Nikasikia wageni wakinyamaza, mmoja mmoja.

Mama akasema kwa wale watu, si kwetu, "Kunyweni, pombe imeshaiva. Ila jina mtu asilitaje. Na kitambaa changu mkiache." Halafu kwa Cassien akasema, "Wewe nitakupigia. Bado sijui nikuite kwa kicheko au kwa kilio." Akamtaka anipe mimi simu.

Dada, nimeyaandika haya kama yalivyokuwa, bila kuongeza. Kuvua hakuvua, kufurahi hakufurahi, na kufa hakufa. Vital mwambie au usimwambie, ni mume wako. Lakini mama amenipa swali la kukuuliza wewe, na anataka ujibu kwa maandishi, kwa kuwa anasema sauti yako ameshaisikia mara moja ikinyamaza.

Anasema tangu siku ile ya simu amekuwa akimtengea marehemu chakula, kiasi cha kiganja, kwenye sahani ya bati, anaiweka karibu na mlango. Hakumwambia padri wala mimi, na wakati huo nilikuwa nalala nyumba hiyohiyo. Na kila asubuhi anaikuta sahani tupu, imefutwa safi. Alikuwa akifurahi, akisema mwanangu anakula.

Sasa anauliza: kama Bukuru alikuwa Houston akila maharage ya Kalasinga, ni nani niliyekuwa nikimlisha? Na nikiacha kumwekea, atakwenda kula kwa nani?

Mjibu, dada. Mimi nimeshindwa.

Nduguyo,
Nestor